Chemirocha Alinitangulia

Redio ya baba ilitumia betri nne, na betri hizo zilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Asubuhi tulizianika juani juu ya paa la banda ili zipate nguvu, jioni tukazirudisha. Siku za kazi redio iliwashwa wakati wa taarifa ya habari, kisha ikazimwa. Ni Jumapili jioni tu ambapo baba aliiacha iendelee, na hapo ndipo Jim Reeves alipoingia nyumbani kwetu. Tuliishi upande wa Kapkatet, katika vilima vya chai vya Wakipsigis, nami nilizaliwa 1965. Jim Reeves alikuwa ameshakufa. Ndege yake ndogo ilianguka karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Kwetu hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Tulichojua ni ile sauti iliyotulia, kama ya mzee anayesuluhisha ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba.

Mama hakungoja Jumapili. Aliimba siku zote, hasa akisafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuchachusha. Alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akakitia ndani ncha ikiwa bado nyekundu, akasugua kwa kuzungusha, na wimbo ukafuata mkono. Kulikuwa na wimbo mmoja wa tangu usichana wake, uliomtaja mtu aitwaye Chemirocha na kumhimiza acheze, aruke. Nilimwuliza Chemirocha ni nani. Akasema ni mchezaji wa zamani, nusu mtu, nusu swala. Nikaridhika, nikaendelea na mambo yangu. Habari yake kamili nilikuja kuipata nikiwa na miaka hamsini.

Gitaa langu la kwanza alilitengeneza kaka yangu kwa debe la mafuta ya kupikia, na nyuzi zake alizifumua kutoka waya wa breki za baiskeli. Zilikuwa nne, na hazikudumu kwenye sauti zake zaidi ya wimbo mmoja. Kanisani kulikuwa na gitaa la kweli la nyuzi sita, na mwalimu wa kwaya aliniruhusu kulishika baada ya ibada. Wasichana wenzangu walilalamika kwamba nyuzi zinakata vidole. Mimi nilikuwa nimeshachuma chai na baba kwa miaka mingi, majani mawili na kichipukizi chake, tangu umande hadi saa sita mchana, na ncha za vidole vyangu zilikuwa ngumu na nyeusi kwa utomvu. Mwaka haukuisha kabla sijazoea kushika G, C na D bila kuangalia. Nyimbo nyingi za kantri hazihitaji zaidi ya hizo tatu, na ndiyo maana mtoto wa mkulima anaweza kuzianza.

Nilikwenda Nairobi 1985 kujifunza kupiga chapa, nikakaa kwa shangazi mtaa wa Jericho. Jumapili moja binamu alinipeleka kwenye hoteli moja mjini kulikokuwa na bendi. Mteja akaomba wimbo wa Skeeter Davis, na kwenye bendi hakukuwa na mwanamke. Binamu akanisukuma mbele. Niliimba nimefumba macho. Nilipoyafumbua, mpiga solo, mzee wa kutoka Murang'a, alikuwa ananitazama kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza zamani. Akaniambia, "Mama, wiki ijayo njoo saa kumi na mbili, tufanye mazoezi." Nilikuwa na miaka 20, na ile "mama" ya heshima ilinipa cheo kabla sijakifanyia kazi.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa chuo changu. Alinifundisha kwamba wimbo wa kantri ni barua, na barua husomwa ili mwenyewe aisikie. Alinifundisha pia kupanga usiku. Tulianza saa mbili na kumaliza saa nane. Saa za mwanzo, watu wakiwa bado wanakula, tulipiga nyimbo laini ambazo mtu anaweza kuzisikia huku akizungumza. Saa nne tuliingiza za kucheza wawili wawili, zile zinazohesabiwa moja-mbili-tatu. Kuanzia saa sita ilikuwa zamu ya Don Williams na Charley Pride, na hapo niliona walimu, makondakta wa matatu, maofisa wa polisi na wakulima waliouza viazi mchana wakiinamisha vichwa juu ya meza. Nyimbo za ulevi na za kuachana hatukuziweka mwisho kamwe. Mzee alisema wanaume hawa wanarudi kwa wake zao, tuwape wimbo wa nyumbani waondoke nao.

Mshahara ulikuwa mdogo, na wasikilizaji ndio walioujazia. Mtu alinyanyuka mezani, akaja akicheza, akanibandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Usiku wa manane, ndani ya basi, nilizitandaza noti hizo juu ya magoti zikauke kabla sijamkabidhi shangazi fedha za chakula.

Mwaka 1993 nilirekodi kaseti ya nyimbo kumi. Mwenye studio alinipa karatasi moja niitie sahihi, nami nikatia bila kuuliza. Miezi mitatu baadaye nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye kibanda karibu na steji ya mabasi. Nikanunua kaseti yangu kwa nauli yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Senti ya mauzo yale sikuiona. Tangu siku hiyo kila msichana anayekuja kwangu kujifunza gitaa, somo la kwanza ni kusoma mkataba. Nyuzi zinafuata baadaye.

Baba alikuja kunisikiliza mara moja tu, Kericho, mwaka 1994. Alikaa nyuma kabisa na soda yake hadi mwisho. Nilijitahidi kuliko siku zote. Nilipandisha sauti hadi spika zikalia. Tulipotoka nje alitembea kimya kitambo, kisha akasema, "Yule wa redio hakuwa akipiga kelele."

Nililala nimeumia. Asubuhi nikaelewa kwamba baba, ambaye hakupata kushika gitaa, alikuwa amenipa siri ya kazi. Jim Reeves mwenyewe alianza kwa kuimba kwa nguvu kama wenzake. Mwaka 1957, aliporekodi "Four Walls", alisogeza midomo hadi karibu na kipaza sauti na kushusha sauti kana kwamba anazungumza na mtu mmoja. Njia hiyo ikawa alama yake. Nilifanya mazoezi mwaka mzima. Kuimba chini ni kazi kuliko kuimba juu, kwa sababu pumzi ikitetereka hakuna kelele ya kuificha. Lakini nilipoanza kuimba hivyo, watu wa meza za nyuma walinyamaza ili wasikie, na ukumbi ukaja kwangu.

Swali moja lilinifuata kila mahali: kwa nini unaimba nyimbo za wazungu? Liliulizwa na jamaa, na waandishi, na mara moja na mchungaji mbele ya waumini. Kwa miaka mingi sikuwa na jibu zaidi ya kusema nazipenda. Basi nikaanza kuutafuta ukoo wa muziki huu kama mtu anayetafuta ukoo wa mkwe. Nikakuta kwamba banjo ina asili ya Afrika Magharibi, na ilifika Marekani kwa mikono ya watumwa. Nikakuta DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa na bingwa wa kinanda cha mdomo, miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza 1925. Nikamsoma Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, ambaye santuri zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha ili watu wasijue ni mweusi. Mwaka 1971 chama cha muziki wa kantri kikamtawaza mtumbuizaji bora wa mwaka. Nikamsoma pia Dolly Parton, mmoja wa watoto kumi na wawili, aliyeimba juu ya koti aliloshonewa na mama yake kwa vipande vya vitambaa. Mimi nilikwenda shule na sketi iliyoshonwa kwa mapazia ya kanisa. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria wimbo ule.

Moshi wa sigara wa kumbini ulinidai mwaka 2005. Sauti ilianza kukwaruza, ikakatika, na daktari akaniambia nisitoe neno kwa wiki sita. Niliandika kila kitu kwenye daftari, hata salamu. Katika kimya kile nilimfikiria sana Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli kutoka Meridian, Mississippi, anayeitwa baba wa muziki wa kantri. Kifua kikuu kilikuwa kinammaliza. Katika kipindi chake cha mwisho cha kurekodi, New York, Mei 1933, alilazwa kitandani mle studioni apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alikufa siku chache baadaye, tarehe 26, akiwa na miaka 35. Mimi sauti yangu ilirudi, ikiwa nzito kidogo. Miaka michache baadaye sheria ya kudhibiti tumbaku ikawatoa wavutaji nje ya kumbi, na ninaishukuru kila nikipanda jukwaani.

Mwaka 2015 mpwa wangu alinipigia simu. "Shangazi, kuna nyimbo za kwetu za zamani zimerudishwa kutoka Afrika Kusini. Sikiliza hii." Akanitumia. Zilikuwa sauti za wasichana wa Kipsigis na kinubi, zilizonaswa Kapkatet mwaka 1950 na Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki na kuuhifadhi. Nilikuwa jikoni. Nilipowasikia wakitaja Chemirocha, nilizima jiko, nikakaa sakafuni.

Mpwa akanisomea maelezo. Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimewafikia watu wetu kwa gramafoni. Jina lake lilipopita katika midomo ya Kikipsigis likawa Chemirocha, na wasichana wakamtungia wimbo wao, kwa lugha yao na kinubi chao. Yule mtu-swala wa mama yangu alikuwa mfanyakazi wa reli wa Mississippi.

Nililia, na nilijua ninachokililia. Miaka thelathini nilikuwa nimejitetea kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Kumbe wasichana wa kijiji changu waliupokea muziki huu miaka kumi na mitano kabla sijazaliwa, na hawakuomba ruhusa kwa mtu. Waliusikia, wakaupenda, wakaufanya wao. Walichofanya ndicho alichofanya Rodgers mwenyewe, aliyejifunza nyimbo kutoka kwa vibarua weusi waliotandaza reli, na ndicho nilichokuwa nikifanya mimi kila usiku. Wimbo ni wa yule anayeuhitaji, mradi autunze na amtaje aliyempa.

Nilisafiri hadi nyumbani wiki hiyohiyo. Mama alikuwa na miaka 77. Nilimwekea simu sikioni. Alisikiliza mara mbili bila kupepesa macho. Nikamweleza habari za Rodgers, za reli, za kifua kikuu. Alisema "Pole yake," kama mtu aliyepashwa habari ya msiba wa jirani. Kisha akaniambia nilete gitaa, na akaanza kunifundisha jinsi wao walivyouimba upande wao wa kilima.

Mwaka 2020 kumbi zilifungwa kwa sababu ya korona. Kenny Rogers, mwimbaji mwingine wa kantri, alifariki Machi, Charley Pride Desemba, nami niliwaimbia wote wawili nikiwa peke yangu sebuleni, mbele ya simu, huku salamu zikiingia kutoka Eldoret, Nyeri na hata Doha, kwa vijana wetu wanaofanya kazi huko. Wengi walituma chochote kwa M-Pesa. Chini ya jina la mtumaji hakuna jasho wala noti iliyolowa, lakini kodi ya nyumba ililipwa.

Sasa nimerudi nyumbani. Jumapili jioni napiga Kericho, nikiwa nimekaa kitini. Naanza na Jim Reeves, kwa sauti ya chini, kwa ajili ya baba. Mwisho naimba wimbo wa Rodgers, ule wa kuruka sauti kutoka kifuani hadi kichwani, na kabla makofi hayajaanza naubadilisha mkono, naingia Chemirocha kwa Kikipsigis, vile mama alivyonifundisha. Wazee husimama. Vijana huuliza ni wimbo wa nani, nami huwataja wote kwa mpangilio: Rodgers, wasichana wa Kapkatet, mama. Halafu nazima kipaza sauti, nakunja waya.