NISHANI YA ZINKI

Kila ndege huruka na ubawa wake. Wako wanafunzi hapa shuleni wanaokusanya stempu, wengine picha za wachezaji wa kandanda, na wengine, nasikia, hukusanya barua za mapenzi. Mimi hukusanya habari za nishani za kale za kijeshi za dola ya Austria. Nasema habari, si nishani zenyewe, kwa maana mwanafunzi wa shule ya kutwa anayeshindia viazi karai hana pesa za kununulia nishani. Wenzangu hunicheka. "Austria na wewe, wapi na wapi?" huniuliza. Hebu niwajibu hapa mara moja.

Mjomba wangu ni sonara hapa Mombasa. Ndani ya mkebe wake mna sarafu kubwa ya fedha ambayo wazee huiita reale. Ina picha ya mwanamke mnene mwenye shela, na mwaka wa 1780. Huyo ni Maria Theresa aliyetawala Austria tangu 1740 hadi alipofariki mwaka huo wa 1780. Reale zake zilifika Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu, na masonara wengi waliziyeyusha wakafua vikuku. Ajabu ni kwamba ziliendelea kupigwa baada ya kifo chake, na zote zina mwaka uleule wa 1780! Isitoshe, Ziwa Turkana liliitwa Rudolf hadi 1975. Jina hilo lililetwa mwaka 1888 na Teleki na von Höhnel, wasafiri kutoka dola hiyohiyo, kwa heshima ya mwana wa mfalme wao. Kumbe Austria si mbali kama tunavyodhani.

Basi, Mwalimu wetu wa Historia aliponiazima kitabu cha nishani, nilikisoma hadi mafuta ya taa yakaisha. Nikajifunza kwamba Maria Theresa ndiye aliyeanzisha Nishani ya Kijeshi yenye jina lake mwaka 1757, wakati wa vita vya Kolín. Ilikuwa ya maofisa tu, na ofisa alipewa kwa tendo la ushujaa ambalo angaliweza kuliacha bila kulaumiwa na mtu. Askari wa kawaida hakukumbukwa hadi 1789, pale Joseph wa Pili, mwanawe malkia, alipoanzisha nishani ya ushujaa ya dhahabu na ya fedha kwa ajili ya watu wa chini. Mwaka 1848 ile ya fedha iligawanywa mara mbili: kubwa ya milimita 40 na ndogo yake. Ya shaba nyeusi iliongezwa 1915, vita vikiwa vimepamba moto.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mwaka jana, muhula wa pili, bwana mmoja alimletea mjomba vikuku vilivyovunjika pamoja na nishani mbili. Alisema ni mali ya tajiri wake wa zamani, Mzungu aliyerudi kwao. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa kama mbalamwezi, ina uso wa Mfalme Franz Joseph na maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kwa ushujaa". Ya pili ilikuwa msalaba mdogo wa kijivu, umechakaa, hauna hata utepe. Mjomba alitaka kuikwaruza ile kubwa kwenye jiwe lake la kupimia, lakini yule bwana akakataa katakata, ati ikikwaruzwa thamani yake inapotea. Mjomba akalipa. Ule msalaba akapewa bure kama nyongeza. Pesa alizolipa, ndugu msomaji, ndizo alizokuwa ameniwekea za karo.

Mpango wake ulikuwa kuiyeyusha ile kubwa, afue bangili, auze, nilipiwe. Nikamwambia, "Mjomba, tafadhali ngoja kidogo. Ikiwa ni ya kweli, bei yake ni zaidi ya uzito wa fedha. Na ikiwa si ya kweli, hakuna fedha ya kuyeyusha." Akanitazama, akacheka. "Haya, profesa. Nakupa siku mbili."

Nilianza na macho. Nishani ya kweli ilipigwa kwa mhuri wa chuma, kwa hiyo herufi zake husimama wima na kingo zake ni kali. Ya kuigiza mara nyingi humiminwa ndani ya kalibu. Herufi zake hulegea kama sabuni iliyotumika, na huwa na vitundu vidogo kama vya mkate. Hii ya kwetu ilikuwa na vitundu chini ya shingo ya mfalme. Halafu nikatazama ukingoni kwa kioo cha kukuzia. Fedha ya Austria ya tangu 1867 hadi 1922 iligongwa alama ndogo ya kichwa cha Diana, mungu wa kike wa Warumi, pamoja na namba ya ubora wa fedha. Si kila nishani ina alama hiyo, lakini yetu haikuwa na alama yoyote. Utepe haukunisaidia, maana tepe hubadilishwa.

Siku ya pili nikaomba ruhusa ya kutumia maabara ya Fizikia. Nilipima nishani ikiwa kavu. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikaitundika nishani kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Uzito unaoongezeka kwenye mizani ni wa maji yaliyosukumwa. Ukigawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili, metali hujitaja yenyewe. Fedha safi hutoa kama 10.5, shaba kama 8.9 na zinki kama 7.1. Nilirudia mara tatu mikono ikinitetemeka. Nilipata 8.9 zote tatu.

Jioni nikampa mjomba karatasi yenye hesabu. Hakusema neno. Alichukua tupa, akakwaruza ukingo mara moja, na wekundu wa shaba ukachungulia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Nilikaa nyumbani siku tatu kwa sababu ya karo, hadi mjomba alipomaliza kufua bangili za arusi kwa kukesha usiku, akanilipia.

Na ule msalaba wa kijivu? Nao niliutundika majini. Ukatoa 7 na ushei, yaani zinki. Herufi zake zilikuwa kali kule ndani ambako kidole hakifiki, na pale juu zimelika kwa kuvaliwa. Huo ni Msalaba wa Jeshi wa Mfalme Karl, ulioanzishwa Desemba 1916, wiki chache baada ya Franz Joseph kufa. Ulifuata umbo la msalaba wa 1814, uliotengenezwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa. Lakini kufikia 1916 shaba yote ilitakiwa kwa makombora, hata kengele za makanisa ziliyeyushwa, ndipo wakatumia zinki. Alipewa mtu aliyekaa na kikosi cha mapigano angalau majuma kumi na mawili. Nyuma yake pana maneno ya Kilatini: "uhai na damu". Hicho ndicho kilio cha Wahungari walipomwahidi Maria Theresa msaada mwaka 1741.

Misalaba hiyo ilitolewa zaidi ya laki sita, kwa hiyo haina bei ya kunilipia karo. Lakini ni ya kweli. Kuna kijana fulani aliyekaa majuma kumi na mawili akisikia mizinga, akaivaa hadi ikalika. Jina lake silijui, kwani kwa kawaida nishani hizo hazikuandikwa majina.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Waingereza waliandika ukingoni namba na jina la askari katika nishani za vita vya 1914 hadi 1918, wakiwamo askari wetu wa KAR. Mkiiona moja ndani ya sanduku la nyanya, msiiharakishe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Igeuzeni ukingoni kwanza, msome jina. Huenda likawa lenu.