Kwa Mpwa Wangu, Kabla Hujakubali Kuwekewa Vyuma Mgongoni

Nyegezi, Mwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Daktari ameangalia picha, ameona pingili ya nne ya kiuno imesogea mbele ya ile ya tano, na anashauri ziunganishwe kwa vyuma. Huko Nansio sasa kila mtu ana lake. Mmoja anasema ukiguswa mgongo umepooza, mwingine ameshakuitia mkandaji aje akukanyage. Umeniuliza mimi kwa sababu vyuma hivyo ninavyo.

Huyo mkandaji mpe soda, mshukuru, aende zake. Pingili iliyosogea hairudishwi kwa kisigino.

Kuhusu kupooza, sikiliza. Kiuno kina pingili tano, na uti wa fahamu wenyewe unaishia kwenye ya kwanza au ya pili. Huko chini kwako imebaki mizizi ya mishipa inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Hatari zipo: mzizi unaweza kuumia, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, damu inaweza kuganda mguuni, mfupa unaweza kukataa kuunga. Mtajie daktari zote hizo, moja moja, akueleze zako zikoje.

Ila swali la kwanza kabisa ni hili: kinachokutesa ni kiuno au ni mguu? Mimi kabla ya upasuaji, nikitoka stendi ya Nyegezi kurudi nyumbani, nilikuwa nasimama kila baada ya nguzo chache za umeme, nainama na kushika magoti mpaka ule moto wa mguuni upoe. Wapita njia walidhani nimedondosha hela. Moto huo uliondoka mapema mshipa ulipopata nafasi. Kiuno chenyewe kingali kinakakamaa asubuhi, na juu ya unyayo kuna sehemu haina hisia hadi leo. Upasuaji uliniondolea maumivu ya mguu. Mgongo mpya haukunipa.

Wenzetu wamelipima jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Norway na Uingereza waliwalinganisha watu wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakaunganishwa pingili, wengine wakapewa mazoezi mazito yenye usimamizi. Tofauti ilikuwa ndogo. Mwaka 2016 Waswidi nao walitoa matokeo ya wagonjwa 247 ambao mfereji wa mgongo ulikuwa umebana mishipa, wengi wao pingili ikiwa imesogea kama yako. Baada ya miaka miwili, waliopanuliwa mfereji tu walikuwa sawa na waliopanuliwa na kuunganishwa juu yake. Lakini wale walikuwa watu wa miaka 50 hadi 80. Wewe ni kijana wa kuvuta nyavu, huenda jibu lako likawa jingine. Basi muulize daktari bila aibu: "Kupanua peke yake hakutoshi?" Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Muulize pia kama ameiondoa TB ya mgongo kwenye hesabu, hasa kama unapungua mwili au unatoka jasho usiku. Upasuaji wa kuunganisha pingili wenyewe ulianzia huko: mwaka 1911 madaktari wawili wa New York, Hibbs na Albee, waliutangaza kila mmoja kwa njia yake, wakitibu migongo iliyoliwa na TB. Siku hizi TB hiyo hutibiwa kwa dawa kwanza, wala si kila mgonjwa hufika mezani.

Ukikubali, elewa kinachofanyika. Utalazwa kifudifudi kwa nusu kaputi. Watatoa kinachobana mshipa, watapitisha skrubu kwenye pingili zote mbili na kuzifunga kwa vyuma, kisha watapanga vipande vya mfupa, mara nyingi vya kwako mwenyewe, vya pale pale mgongoni au vya nyonga. Vyuma hivyo ni kama mbao za kushikilia zege. Zinazuia lisimwagike, lakini kinachobeba nyumba ni zege likishakauka. Mfupa nao hukomaa kwa miezi sita hadi mwaka. Sigara huuzuia kuunga, na najua mnavyovuta ziwani mkisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Acha kabla ya upasuaji, usirudie. Hata diklofenaki usijinunulie dukani bila kumuuliza daktari.

Kesho yake au siku inayofuata watakusimamisha. Utaumia, lakini tembea. Kutembea ndiyo dawa, kulala siku nzima ni kuitafutia damu sababu ya kuganda. Kuamka kitandani kuna namna yake: geuka kiubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Kiuno kisipinde.

Wewe unahesabu mwaka kwa giza na mbalamwezi, basi hesabu hivi: giza tatu za kwanza, yaani miezi mitatu, hakuna kuinama, hakuna kubeba, hakuna kujinyonga kiuno. Mtumbwi wausukume wengine. Baada ya hapo ni kliniki na mtaalamu wa mazoezi watakaosema, na huenda wakakwambia kuvuta nyavu basi. Anza sasa kuongea na tajiri wako kuhusu kazi ya kuandika mizani pale mwaloni.

Jambo ambalo hakuna atakayekwambia wodini ni choo. Choo cha kuchuchumaa hakikufai miezi hiyo. Fundi akate tundu kwenye kiti imara cha mbao, mkiweke juu ya shimo. Kula mezani, si mkekani. Ndoo ya kuogea iwekwe juu ya stuli. Kitanda kisiwe cha kudidimia. Pikipiki kwenye mawe ya huko usiipande kabisa. Na kwa kuwa safari ya meli kila siku ya kliniki itakuchosha, utakaa kwangu majuma ya mwanzo. Nyumba yetu iko tambarare, hakuna ngazi za mawe kama za Mabatini.

Mahali pa upasuaji, anzia Bugando. Ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, iko hapa hapa mlimani tangu 1971. Wakiona inabidi, watakuandikia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, lakini ukumbuke kurudi kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 na kidonda kibichi. Ofisi ya bima uiulize kabla ya kupangiwa siku: vyuma wanavilipia vyote, au kuna cha kuongeza? Jibu la "tutaona" usilipokee. Ukoo hauwezi kuchanga kwa siku moja.

Ukisharuhusiwa, homa, usaha kwenye kidonda au mguu kuvimba si mambo ya kungoja kliniki.

Mimi sikukatazi wala sikusukumi. Kama mguu una nguvu na unavumilika, bado una muda wa kujaribu mazoezi na kuuliza daktari wa pili. Lakini jioni hii simama kwa visigino, kisha kwa vidole, mguu mmoja mmoja, mkeo akiangalia. Kama unyayo unaning'inia, au mkojo hautoki, au unakutoka bila kujijua, au kati ya mapaja pamekufa ganzi, usisubiri kikao cha ukoo. Beba picha zako, panda meli ya kwanza, nipigie ukiwa njiani.

Ni mimi mjomba wako.