Swali la Kumi

Daftari langu la sukari nilianza kulijaza Machi 2024, mimba ikiwa na wiki 26. Kazini nilishazoea kuhesabu mashina ya waridi, sasa nyumbani Kihoto nikawa nahesabu damu yangu mwenyewe. Nilijidunga kidole mara nne kwa siku: asubuhi kabla ya chai, kisha baada ya kila mlo.

Kliniki walikuwa wameninywesha gramu 75 za glukosi, tamu hadi koo likakwaruza, na kunitoa damu mara tatu. Ile ya kwanza, kabla hata sijaonja kitu, ilisoma 5.9. Kwa mjamzito, 5.1 tayari ni ugonjwa.

“Si nilikuambia upunguze soda?” mama mkwe akasema.

Soda sikuwa nakunywa. Sista alinieleza kwamba kondo la nyuma hutoa homoni zinazoikwamisha insulini, na mwili wa mama usipoweza kutengeneza insulini ya kutosha, sukari hupanda. Nilimwelewa vizuri. Lakini usiku, nikiwa nimelala ubavu, niliyoyasikia ni maneno ya mama mkwe. Nilihisi namlisha mtoto wangu sumu kupitia kitovu.

Nilipunguza ugali, nikaongeza sukuma wiki, nikatembea kila jioni. Namba hazikushuka. Nikaandikiwa sindano. Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na sisi hatuna friji. Chupa zangu zikakaa kwa friji ya duka la jirani, kando ya maziwa. Halafu mvua ya masika ikazidi na Ziwa Naivasha likaingia Kihoto. Friji ya jirani ilitolewa kwa mkokoteni, sisi tukatoka na godoro kichwani. Tulihamia chumba kimoja kwa wifi yangu, Karagita. Daftari nililifunga ndani ya karatasi ya nailoni.

Mtoto alizaliwa Juni, kilo 4.1. Kila mtu akashangilia ule uzito, ila mimi nilijua umetoka wapi. Mtoto aliyezoea sukari nyingi ya mama hutengeneza insulini nyingi yake mwenyewe. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma lakini insulini yake inabaki. Sukari yake ikaanguka. Walimpeleka chumba cha watoto wachanga, wakawa wanamdunga kisigino kila baada ya saa chache. Niliporudishiwa, nilihesabu vile vidoti kimoja kimoja.

Sukari yangu ilirudi sawa siku ya pili. Sindano zikasimamishwa, na hakuna aliyeuliza tena kuhusu daftari. Shemeji aliniletea soda. “Sasa umepona, kunywa!”

Sikuwa nimepona. Nilimwamsha mtoto usiku nihakikishe anapumua. Nililia kwa sababu uji umeganda. Nikisema nimechoka, naambiwa nimshukuru Mungu, mtoto ni mzima. Kweli alikuwa mzima, na hilo ndilo lililoniziba mdomo. Mume wangu alipotoka mjengo aliuliza, “Sukari iko aje?” Nami nikajibu, “Iko sawa.” Simlaumu. Hilo ndilo swali alilofundishwa.

Wiki ya sita nilirudi kliniki kunywa ile glukosi tena. Ilibidi nikae saa mbili nikisubiri, na sista mmoja akaketi karibu nami na karatasi. “Mama, nikuulize maswali kumi kuhusu hizi siku saba zilizopita.” Baadaye nilisoma kwamba maswali hayo yalitungwa Scotland na kuchapishwa 1987. Kila jibu lina alama, sufuri hadi tatu. Je, bado unacheka? Unajilaumu bila sababu? Unalala?

Swali la kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limewahi kukujia.

Nilimwangalia askari aliyekaa mlangoni. Wakati huo, Kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili. Sikuwa nimejaribu chochote. Nilichokuwa nacho ni wazo moja lililokuja alfajiri na kukataa kuondoka: kwamba mtoto huyu angekuwa salama zaidi bila mimi. Lakini ukiwa kwenye benchi la kliniki na mtoto mapajani, nani anakupa nafasi ya kutofautisha wazo na kosa?

“Hapana,” nikasema.

Sista aliweka kalamu chini. “Hii karatasi haiendi kwa polisi, mama. Na mtoto hachukuliwi na mtu.”

Nikabadilisha jibu.

Jumla ilifika 19 kati ya 30. Ajabu ni kwamba nilipumua. Kwa miezi mitano watu walikuwa wanaamini namba zangu kuliko mimi, na sasa hata huzuni yangu ilikuwa na namba. Sista aliniambia wanawake wanaopata sukari mimbani hukumbwa na hali hii zaidi ya wengine. Akampigia mume wangu simu aje, na hakuniacha niondoke peke yangu. Nilianza kuonana na mshauri kila Alhamisi. Haikuisha kwa wiki moja, wala kwa mwezi.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema Kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikinyonyesha. Kwa Kikuyu, kihoto ni hoja ya haki. Nikawaza ni akina mama wangapi walijibu “hapana” kabla yangu, mbele ya sista ambaye hakuweka kalamu chini.

Bado napima sukari kila mwaka, kwa sababu aliyeipata mimbani yuko kwenye hatari zaidi ya kuipata tena maishani. Daftari ni lile lile. Mume wangu bado anauliza, “Sukari iko aje?” Kisha anangoja kidogo. “Na wewe je?”

Jana nilimwambia, “Mimi leo siko sawa.” Akamchukua mtoto, nikalala.