Wawili wanangojea shitima

Jumamosi iliyopita tulicheza teatre fupi chini ya mwembe, mbele ya familia zilizohama. Dakika saba tu, watu wawili tu: mimi na fundi wetu wa redio. Vyombo vilikuwa valizi moja iliyofungwa kwa kamba na kipande cha karatasi, ndiyo tiketi.

Watu wawili wanakutana gare. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye shefu wa gare.

— Shitima ilisha kupita?
— Ilisha pita.
— Lini?
— Kesho.

Watoto walicheka mpaka wengine wakaanguka. Hapa Kamina, ambapo njia ya reli ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja kwenda Kananga, nyingine kwenda Kabalo na Kalemie, nani hajalala juu ya mizigo yake akingoja?

Wazo nilikuwa nalo tangu nilipofunda uandishi wa habari. Mwalimu alitusimulia kuhusu Samuel Beckett, ambaye mchezo wake wa watu wanaomngojea Godot ulionyeshwa Paris mara ya kwanza mwaka 1953. Godot hafiki. Mwaka 1993 Susan Sontag aliupeleka Sarajevo, mji uliozingirwa na vita, wakaucheza kwa mwanga wa mishumaa. Wakati ule nilijiuliza: watu wenye njaa, unawaonyesha watu wanaongoja bure, ni msaada gani huo? Bado sina jibu safi. Kwa hiyo niliogopa kidogo tulipoanza.

Mama mmoja mzee hakucheka. Watu walipotawanyika alibaki ameketi, akaniita.

— Mutoto yangu, mulicheza muzuri. Lakini mulisahau mutu mumoja.
— Nani, mama?
— Mwenye alikufa akingojea.

Alikuwa gare ya Likasi mwaka ule ule wa 1993. Wenye kusikiliza redio yetu wanajua habari hiyo: Wakasai maelfu walifukuzwa nyumbani mwao Likasi na Kolwezi, wakakaa gare miezi na miezi, chini ya mahema ya plastiki, wakingojea shitima ya kuwapeleka Kasai. Wengi walizikwa kabla haijafika, na watoto zaidi. Yeye alipanda. Mdogo wake hakupanda. Aliniambia kwamba alipopita hapa Kamina, valizi ya yule mtoto ilikuwa kwenye magoti yake, na hakujua aitupe au aishike.

Sikuwa na neno. Nilimwomba ruhusa ya kuandika hayo bila jina lake, akakubali.

Ijumaa saa tisa tunaicheza tena, pale pale. Maneno hatukuyabadilisha, na kicheko hatukukiondoa. Mama mwenyewe alisema tukiache. Tunaongeza tu valizi ya pili, ndogo, katikati. Hakuna atakayeigusa. Mwenye kuwa nayo ya zamani atuletee redioni kabla ya Alhamisi, tutamrudishia.