Sekunde Mbili

Sisi wadogo kwenye raga tuna silaha moja ya mwisho. Winga ameshakupita. Kiunoni humfikii, magotini humfikii. Unajirusha mzima mzima, unanyoosha mkono na kupiga kisigino chake ili mguu mmoja ugonge mwenzake. Kwa mkono, sio mguu. Ukimtega kwa mguu ni penalti. Akianguka, wewe shujaa. Asipoanguka, umekula vumbi bure.

Na vumbi la Voi si mchezo. Ni huu udongo mwekundu unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Kiangazi unakauka kama sakafu na kubeba ngozi ya kiwiko bila kuomba. Mama huniangalia tu nikiingia: "Mwanangu, unacheza ama unachimba msingi?" Lakini adhabu yenyewe ni kuoga.

Niliposikia habari za Daniel Adongo, Mkenya aliyeiacha raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, nilianza kutazama vipande vya NFL kwenye simu. Kumbe hata kule wanajirusha hivi hivi, vidole vikitafuta kiatu. Tofauti ni moja. Kule ukimgusa na goti lake likafika chini, mchezo unasimama, watu wanapumua. Kwetu, kama hujamshikilia, anainuka na kuendelea. Yaani mkono wangu haumzuii. Unanunua sekunde mbili tu.

Kwenye raga ya wachezaji saba, uwanja ni ule ule wa watu 15 na kila kipindi ni dakika saba. Sekunde mbili ni nyingi sana hapo, bora kuwe na mtu anayekimbia nyuma yako. Watu humshangilia anayejirusha. Mimi namheshimu huyo wa pili, ambaye hata kamera haimpati.

Wetu alikuwa propu, anahema kama lori linalopanda Wundanyi. Lakini kila nilipoinua uso kutoka kwa vumbi, niliona viatu vyake vikinipita.

Wiki jana alipanda treni kwenda Nairobi, chuo. Wengine walishaenda Mombasa kutafuta kazi. Pale stesheni aliniuliza, "Buda, sasa nani atakuja nyuma yako?"

"Enda shule, wewe."

Jumamosi tuna mechi. Tuko saba kamili.