Kisanduku Chini ya Kiti

Kisanduku chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kiberiti kikubwa cha jikoni. Kilikuwa cheusi, kina mkia wa nyaya zilizofungwa pamoja, na kilinigharimu zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Nilikifunga kwa mikono yangu chini ya kiti cha pikipiki, Jumamosi moja asubuhi, katika ua wa nyumba niliyopanga Nairobi, huku mpwa wangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinimulikia kwa tochi. Yaliyotokea baadaye nimeyanyamazia kwa muda mrefu. Leo nayaandika, maana nadhani hayahusu pikipiki peke yake.

Msomaji asiyeyajua mambo haya aniwie radhi nimweleze kidogo. Pikipiki za zamani zilipata mafuta kwa kabureta, na fundi aliyetaka kuyaongeza au kuyapunguza alibadilisha jeti, kijipande cha shaba chenye tundu dogo. Kawasaki walitoa Z1000 yenye kunyunyiza mafuta kwa umeme mwaka 1980, lakini pikipiki za mbio zilichelewa kuufuata mtindo huo. Suzuki GSX-R750 ilibadilika mwaka 1998, na Yamaha R1 mwaka 2002. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoamua. Husoma kasi ya injini, upana wa mlango wa hewa, joto, na kanieneo ya hewa ya mahali, kisha huiamuru injekta ifunguke kwa muda fulani. Muda huo ni mfupi kupita fikira. Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, kila silinda ina sehemu 10 tu za elfu za sekunde kuvuta hewa, kukandamiza, kuwasha na kutoa moshi.

Kisanduku hukaa kati ya kompyuta na injekta. Ndani yake mna jedwali: kasi ya injini inashuka upande mmoja, ufunguzi wa mlango wa hewa unakwenda upande mwingine kutoka sifuri hadi mia, na katika kila chumba cha jedwali imeandikwa namba. Kompyuta ikisema, “Fungua kwa sehemu tano za elfu,” na katika chumba kile pakawa pameandikwa sita, kisanduku huongeza sita kwa mia ya muda ule. Kompyuta haina habari. Ni kama mkalimani aliyesimama baina ya watu wawili, na kila anapotafsiri huongeza neno lake kidogo.

Pikipiki yangu ilikuwa ya Kijapani, ya cc 750, ya mwaka 2007, niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Kabla ya kisanduku ilikuwa imelala miezi tisa chini ya turubali. Mama yetu alikuwa mgonjwa Mombasa, nami kila Ijumaa nilipanda basi kwenda kumwuguza na kila Jumapili usiku nikarudi kazini. Mama alipofariki na arobaini ikapita, nililifunua turubali, nikabadilisha betri, nikatia mafuta juu ya yale yaliyokuwamo. Wiki ile ile nikanunua bomba la moshi la mbio, lenye mlio mkubwa. Nadhani nilitaka kelele.

Mlio niliupata, na pamoja nao nikapata kasoro. Nikifungua mpini wa mafuta kwa kitambo kirefu, injini ilipanda vizuri, kisha huko juu ikasita, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Sikujiuliza mara mbili. Bomba jipya linapitisha hewa zaidi, hewa ikizidi mafuta yanapungua, basi dawa ni kuongeza mafuta. Nilikuwa nimesoma kwamba viwanda hubana mafuta kwa sababu ya sheria za moshi, kama masharti ya Euro 3 yaliyoanza kwa pikipiki za Ulaya mwaka 2006, nikajiona nimedhulumiwa. Kwamba sheria zile zina sababu, na kwamba moshi wangu huingia katika mapafu ya jirani, sikutaka kulifikiria. Huko Marekani mwaka 2016 Harley-Davidson walikubali kulipa faini ya dola milioni 12 katika shauri la vifaa vya kurekebisha injini, ambavyo serikali ilisema viliongeza moshi. Habari ile niliisoma nikafunga ukurasa.

Jambo la kuongeza mafuta si la mzaha. Kwa uzani, petroli huungua kikamilifu ikichanganywa na hewa sehemu 14.7 kwa 1. Injini inayodaiwa nguvu zake zote hupenda mafuta zaidi kidogo, karibu 13 kwa 1. Mafuta yakipungua mno wakati injini imebeba mzigo, moto hupanda, na pistoni huweza kutoboka. Hayo niliyajua, nami nikayafanya hoja ya kununua.

Mpwa wangu alikuwa mwanafunzi wa ufundi mitambo Mombasa, amekuja kwangu likizo. Ni mtoto wa pekee wa dada yangu mkubwa, na baba yake alikufa angali mdogo. Mpole, mwenye kusema kidogo. Nilipokuwa nikichomeka soketi ya mwisho alisema, “Mjomba, tungepima mafuta yanayofika kwanza. Pengine bomba halina kosa.”

Nilimjibu, “Mwanangu, hii pikipiki nimeiendesha wewe ukiwa shule ya msingi.”

Hakusema tena. Aliendelea kunimulikia.

Nilikiunganisha kisanduku na kompyuta yangu ndogo, nikakionyesha mlango wa hewa ukiwa umefungwa na ukiwa wazi kabisa ili kijue mipaka yake, kisha nikakitilia jedwali lililokuja nacho. Lilikuwa limetengenezwa na watu wa mbali, kwa bomba linalofanana na langu, kwa petroli ya kwao. Nilichomeka pia kile kifaa cha kuidanganya kompyuta isisikilize kihisi cha oksijeni, kwa sababu kompyuta hukitumia kihisi hicho kurudisha mchanganyiko mahali pake pikipiki inapokwenda taratibu. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Nikazunguka mtaani, na kweli, pikipiki ilikuwa nyingine! Pale katikati, kwenye mizunguko 5,000, palipokuwa na mshtuko, sasa palikuwa laini kama hariri. Nilirudi nikacheka, nikampiga mpwa wangu begani. “Umeona?” Naye akatabasamu, akasema ameona. Kesho yake, Jumapili, nikamwambia twende Emali tukanywe chai, nimwonyeshe pikipiki inavyokwenda.

Wanaoijua barabara ya Mombasa wanaijua Salama, kwa vilima vyake na malori yake. Tulikuta lori la kontena linapanda polepole. Mbele palikuwa peupe. Nikatoka, nikafungua mpini hadi mwisho. Pikipiki ikaruka, tukalifikia gurudumu la nyuma, tukafika katikati ya kontena, na hapo injini ikasita. Safari hii haikusita na kuendelea. Ilikufa, ikashtuka, ikafa tena. Basi likachomoza juu ya kilima.

Sikumbuki nilichofikiri. Nakumbuka mikono ya mpwa wangu imeshika koti langu pande mbili, na sikumbuki alipiga kelele. Nilishika breki, lori likatupita polepole mno, ubavu mrefu usiokwisha, nikajitupa nyuma yake, na upepo wa lile basi ukatupiga kama kofi. Tulisimama kando ya barabara. Alivua kofia, akakaa chini kwenye changarawe kwa sababu magoti yalikuwa hayamshiki. Nilingoja aniambie lile ambalo alikuwa na haki ya kuniambia. Alisema tu, “Tumepona, Mjomba.”

Tulirudi Nairobi mwendo wa baiskeli. Jumatatu tuliipeleka pikipiki kwa fundi, na safari hii nilisimama kando, mwenye kusema akawa kijana. Fundi alipima presha ya mafuta injini ikizunguka polepole, akakuta kama kilopaskali 300, sawa na kitabu kinavyotaka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitaka kosa liwe jingine lolote. Lakini mpwa wangu akasema, “Fundi, injini iliyopumzika hainywi. Hata pampu iliyozibwa itaonyesha presha nzuri. Tupime inatoa kiasi gani.” Wakachomoa bomba la mafuta, wakalitia ndani ya chupa ya soda, wakaiwasha pampu kwa sekunde kumi. Kitabu cha pikipiki hutaja kiasi kinachopaswa kutoka. Chetu hakikufika nusu.

Pampu ilipotolewa tangini, chujio lake lilikuwa limevaa tope la rangi ya kahawia. Tangi lilikuwa limelala miezi tisa likiwa nusu tupu. Hewa ya juu ikatoa unyevu, unyevu ukazaa kutu, kutu ikashuka kwenye chujio. Plagi nazo zilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya injini iliyochomeka kwa kukosa mafuta. Bomba la moshi halikuwa na hatia kubwa. Kasoro ilianza chini ya turubali, nikiwa Mombasa.

Hapo ndipo nilipokielewa kisanduku nilichokifunga. Nilikuwa nikisema, kama wengi wasemavyo, kwamba kinaongeza mafuta. Hakiongezi mafuta. Kinaongeza muda. Kinaiacha injekta wazi kwa kitambo zaidi, kikiamini kwamba nyuma yake kuna presha ya kutosha. Presha ikishuka kutoka kilopaskali 300 hadi 200, mafuta yanayopita kwa muda ule ule hupungua kwa kadiri ya sehemu 18 katika mia. Jedwali langu liliongeza sita. Tena kadiri kilivyoomba mafuta zaidi, ndivyo pampu iliyozibwa ilivyozidi kuelemewa. Na ule ulaini wa mizunguko 5,000 ulikuwa wa kweli, kwa kuwa pale chini mafuta bado yalitosha. Ukweli ule mdogo ndio ulionipa ujasiri wa kuikabili hatari kubwa.

Tulisafisha tangi, tukatia chujio jipya, kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: nikafuta jedwali lote, kila chumba sifuri. Nilikodi kihisi cha kupima mchanganyiko ndani ya moshi, na kwa wiki mbili tulipima na kuandika katika daftari, mimi nikiendesha na mpwa wangu akisoma rekodi jioni. Kompyuta ya pikipiki ilikwisha kuizingatia hewa nyepesi ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari. Sehemu nyingi hazikuhitaji kitu. Bomba jipya lilihitaji mbili au tatu kwa mia pale katikati, na huko juu, nilikotaka kuongeza sana, palihitaji kuachwa. Kile kifaa cha kuidanganya kompyuta nilikitoa, na mahali kihisi cha oksijeni kinapofanya kazi nikaacha sifuri. Jedwali lililobaki lilikuwa karibu tupu.

Nimewahi kuwasikia watu wakivilaumu vifaa hivi, na wengine wakivisifu kama uganga. Mimi sina la kukilaumu kisanduku. Kilifanya nilichokiagiza, kwa uaminifu, mara mamia kwa sekunde. Mwenye kosa ni yule aliyetoa maagizo bila kuuliza hali. Nami nimeona kwamba si pikipiki tu ninayoitendea hivyo. Mwanafunzi akishindwa, tunamwongezea saa za masomo. Kijana akinyamaza, tunamwongezea nasaha. Mimi mwenyewe nilipokuwa na msiba nilijiongezea mlio. Hayo yote ni kurefusha muda wa injekta. Mara chache sana tunafungua tangi kutazama kama kuna kitu kinachofika.

Dada yangu sikumwambia. Mpwa wangu naye hakumwambia, na ukimya wake ulinilemea kuliko lawama, kwa kuwa nilijua anautunza kwa ajili ya heshima yangu. Miaka miwili ilipita. Tulipokutana Mombasa kwa hitima ya mama, nilimkuta dada uani anachagua mchele, nikakaa karibu yake nikamweleza yote, tangu turubali mpaka basi la Salama. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

“Na yeye alikwambia kabla?” aliuliza.

“Aliniambia.”

“Ukamjibuje?”

Nikamtajia maneno yangu kama nilivyoyasema. Alinitazama kwa kitambo, kisha akarudi kwenye mchele wake. Hatukuzungumza tena habari hiyo, wala hakunikataza kuwa na mwanawe. Ila tangu siku hiyo kijana akisema jambo mbele yetu, dada hunitazama mimi kwanza, aone kama ninasikiliza.

Kisanduku bado kiko chini ya kiti. Ninapoiacha pikipiki kwa zaidi ya mwezi huliacha tangi limejaa hadi shingoni, na kabla ya kugusa namba yoyote hutoa chupa ya soda nikahesabu sekunde kumi. Mpwa wangu sasa ni mhandisi. Akija likizo, yeye ndiye anayeshika bisibisi, na mimi ndiye ninayekaa juu ya ndoo na tochi.