Sinema isiyo na hadithi

Jumapili moja jioni tulikwenda katika chumba kikubwa cha parokia yetu, huku Katuba, Lubumbashi, kutazama sinema. Walimu walikuwa wameitangaza juma zima, na wanafunzi walifika mapema wakagombea viti vya mbele. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha kutundikwa ukutani. Padri akatuambia jina la filmu: kwa Kiitalia ni L'albero degli zoccoli, maana yake mti wa kuchongea viatu. Akaongeza: "Itadumu saa tatu. Muwe wavumilivu." Wanafunzi wakapiga makofi. Saa tatu! Bila shaka kutakuwa na vita vingi.

Kumbe, hapakuwa na vita hata kimoja. Baada ya nusu saa tulikuwa tumewaona watu wakimenya mahindi, wakila, wakisali, wakilala, wakiamka. Kijana mmoja akauliza kwa sauti: "Hadithi itaanza lini?" Watu wakacheka. Ilipotimia saa moja, viti vingi vya mbele vilikuwa vitupu. Hata sisi, mume na mke, hatufichi neno: tulitazamana, kila mmoja akiwaza bukari ambayo haijapikwa nyumbani. Lakini mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka kumi na mmoja, alikataa kuinuka. Kwa ajili yake tulibaki.

Yafaa tuwaelezeni sinema hiyo ilivyo. Aliyeitengeneza ni Ermanno Olmi, Mwitalia wa upande wa Bergamo, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufa mwaka 2018. Aliandika maneno yake, akashika mwenyewe mashine ya kupigia picha, tena akaziunganisha picha mwenyewe. Habari nyingine alizisikia zamani kwa bibi yake. Wanaoonekana humo si wachezaji wa sinema. Ni wakulima wenyewe wa Bergamo, wanaosema lugha ya kwao. Filmu ilitoka mwaka 1978, na mwaka ule ule ikapewa zawadi ya kwanza katika mashindano ya Cannes, Ufaransa. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filmu 45 zinazostahili heshima. Na hii imo.

Mambo yanayosimuliwa ni ya mwisho wa karne ya 19. Jamaa nne zinakaa katika nyumba moja kubwa yenye ua katikati. Nyumba si yao. Mashamba si yao, wala miti, wala zizi, wala sehemu ya mifugo. Yote ni mali ya bwana mmoja, na katika mavuno sehemu mbili za tatu ni zake. Wao wanabaki na sehemu moja, na mikono yao.

Sasa, watu hao wanafanya nini kwa saa tatu? Wanafanya yale tunayofanya sisi. Mama mjane anafua nguo za watu ili alishe watoto wake sita. Padri wa kijiji anamwambia kwamba masista wanaweza kuwapokea wale wadogo wawili. Kijana mkubwa anajibu kwamba yeye atafanya kazi usiku na mchana, lakini ndugu wasitengane. Ng'ombe wa mjane anaugua, mganga wa mifugo anasema achinjwe. Mama anakwenda kuchota maji mtoni huku akisali, anamnywesha, na ng'ombe anasimama. Filmu haituambii kama ni mwujiza. Inatuonyesha mama, chupa ya maji na ng'ombe, basi. Mzee mmoja anapanda nyanya kwa siri pamoja na mjukuu wake, akizitia samadi ya kuku, ili ziive mbele ya nyanya za wengine. Mchoyo mmoja anaficha sarafu ya dhahabu katika ukwato wa farasi. Jioni wote wanakusanyika zizini, penye joto la wanyama, wanasimuliana hadithi na kusali.

Na yule Batistì. Padri amemwambia kwamba mtoto wake Minek ana akili, lazima asome. Kila siku mtoto anakwenda kwa miguu mwendo mrefu. Siku moja, akitoka shule, kiatu chake cha mti kinapasuka. Mama yake amejifungua mtoto mwingine, fedha hakuna. Baba hasemi neno. Usiku anakwenda kando ya mfereji, anakata mti mmoja wa bwana, anaficha kipande chini ya joho lake, na nyumbani anachonga kiatu kipya. Baadaye bwana anaona kisiki. Batistì anafukuzwa pamoja na watoto wake. Wanapakia vyombo vyao garini, giza linaingia, wanakwenda zao. Hatuonyeshwi waendako.

Filmu ilipokwisha, tuliobaki labda tulikuwa thelathini. Padri akawasha taa, akauliza: "Mnasemaje?" Mwanafunzi mmoja wa sekondari akasimama akasema kwa nguvu: "Amri ya saba ni moja: Usiibe." Mama mmoja akamjibu: "Wewe, mwanangu, umepata kuzaa?" Tukacheka, kisha mabishano yakawaka. Padri alitusikiliza, halafu akatukumbusha mambo mawili. La kwanza, Katekisimu ya Kanisa Katolika, namba 2408, inafundisha kwamba si wizi mtu anapotumia mali ya mwingine katika haja ya lazima iliyo wazi, kama chakula, makao au nguo, ikiwa hana njia nyingine yoyote. La pili, Papa Leo XIII aliandika waraka wake juu ya wafanyakazi mwaka 1891, miaka michache tu mbele ya mambo hayo ya Bergamo, akisema kwamba mshahara hauna haki ukiwa hautoshi kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. "Basi," akasema Padri, "msihesabu mti wa Batistì tu. Hesabuni na zile sehemu mbili za tatu."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, nasi tuliyakubali. Lakini njiani, tulipokuwa tukirudi, mtoto wetu akauliza swali jingine, ambalo hata mmoja hakuliuliza chumbani: "Kwa nini wale jirani hawakuwasaidia kubeba vyombo?"

Hapo tulinyamaza. Maana ndivyo ilivyo katika filmu. Batistì anapopakia gari, jamaa nyingine tatu zimejifungia ndani. Wanachungulia. Wanasali. Hakuna anayetoka. Gari linapokwisha kuondoka ndipo wanatoka uani, wanasimama pamoja, wakitazama taa yake ikipungua gizani. Watu hao hawakuwa wabaya, wasomaji! Kwa saa tatu tumewaona wakifanya kazi pamoja na kusali pamoja. Mjane yumo kati yao, yeye ambaye kijana wake alikataa ndugu kutenganishwa. Lakini nyumba zao pia ni za bwana yule. Waliogopa.

Mtoto akatazama uso wa baba yake, kisha uso wa mama yake, akasema polepole: "Kama sisi siku ile."

Siku ile ilikuwa ya masika ya mwaka uliopita. Katika lupango yetu tunakaa jamaa tano, na bomba la maji ni moja. Mwenye nyumba hakai hapo. Anakuja mwisho wa mwezi. Jamaa iliyokaa chumba cha mwisho, karibu na mwembe, ilikuwa na watoto wanne. Baba yao alikuwa amekosa kazi tangu miezi mitano, na deni la nyumba liliongezeka. Mtoto wao wa kwanza alikuwa akienda shule pamoja na huyu wetu, kila asubuhi, wakigawana karanga njiani. Mkewe na sisi tulikuwa tukiazimana chumvi, mafuta, na mbabula ya kupikia mvua iliponyesha.

Mwenye nyumba akawapa siku, siku zikaisha. Wakangoja giza liingie ili watu wasiwaone. Sisi tulikuwa tunakula. Tukasikia kigari cha kusukuma kikiingia uani, kisha magodoro yakiburutwa, sufuria zikigongana, mtoto mdogo akilia na kunyamazishwa. Tulijua maana yake. Mmoja wetu akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Halafu akarudi akazima taa. Tukaendelea kula gizani, bila kusema.

Tulijiambia tulifanya hivyo kwa heshima, ili tusiwatie haya. Jambo hilo lilikuwa na ukweli kidogo. Lakini ukweli mwingine tuliuficha hata sisi kwa sisi: tulikuwa na deni la miezi miwili kwa mwenye nyumba yule yule, na tuliogopa asije akaambiwa kwamba tulikuwa upande wao. Asubuhi tulifagia ua. Mahali pa mbabula yao palibaki duara jeusi, nalo tulilifagia. Usiku ule wa kuondoka kwao tulikuwa tumesali rozari kama kawaida, na tuliwataja katika nia zetu. Tuliona kwamba tumekwisha kutimiza lililo letu.

Sasa twafahamu kwa nini filmu ile haina hadithi. Katika sinema nyingine, mtu mbaya ana uso mbaya na bunduki mkononi, nasi tunamchukia toka mwanzo, tunarudi nyumbani tukiwa tumeridhika na nafsi zetu. Olmi hakutaka kutupa mtu wa kumchukia. Hata bwana wa mashamba haonekani sana. Anatuonyesha kazi, chakula, mvua, sala, mtoto anayezaliwa, polepole, mpaka tunawazoea watu wale kama jirani zetu. Kisha jirani mmoja anaondoka usiku, nasi tunabaki na wale waliojifungia. Kama angetuonyesha vita, tungeona vita. Alituonyesha siku za kawaida, tukajiona sisi.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya kwanza, tulikwenda kuwatafuta. Tulikuwa tumesikia kwamba wamepanga chumba huko Ruashi. Tuliuliza hapa na pale, mpaka mtoto wetu akamwona rafiki yake barabarani akaanza kukimbia. Tulibeba beseni la unga na samaki wakavu kidogo. Njiani tulitayarisha maneno mengi mazuri.

Mama yule alitupokea vizuri. Akapangusa viti kwa kitenge chake, akatuuliza habari za watoto, za kazi, na kama bomba lingali linavuja. Tukajibu kwamba lingali linavuja. Mumewe akatoka chumbani, akatusalimu, akakaa. Maneno yetu yote tuliyoyatayarisha yalikuwa yamepotea. Mwishoni mmoja wetu akasema: "Baba, jioni ile tulikuwa ndani. Tuliwasikia."

Akanyamaza kidogo, akajibu bila hasira: "Tulijua. Tuliona taa yenu ikizimika."

Hakusema zaidi, wala sisi. Tukaomba radhi, naye akainama kidogo, kama mtu anayepokea mzigo mwepesi. Mama yule akaweka maji ya chai motoni. Nje watoto wawili walikuwa wamekwisha kugawana kitu, sijui karanga, sijui mkate, tuliwasikia wakicheka. Baba yule amepata kazi ya siku moja moja kwa fundi wa matofali. Deni lake kwa mwenye nyumba wetu halijaisha, wala letu halijaisha. Hatukuleta dawa ya mambo hayo. Tulikaa, tukanywa chai, tukarudi jua likiwa bado juu, na walitusindikiza mpaka barabara kubwa.

Wasomaji wapenzi, hatuwaambii kwamba sala ya wale waliojifungia ilikuwa bure. Mungu peke yake ndiye anayejua thamani ya rozari iliyosaliwa nyuma ya mlango. Lakini Bwana wetu, akituhadithia juu ya Msamaria mwema, hakusema kwamba kuhani na Mlawi hawakusali. Alisema kwamba walipita kando.

Nanyi wanafunzi mlioondoka kabla ya mwisho, msione haya. Sisi nasi tulikuwa karibu kuondoka. Filmu hiyo ikionyeshwa tena katika parokia yenu, kaeni mpaka gari liondoke. Na jioni, mkisikia uani kigari kinapakiwa, acheni taa iwake, fungueni mlango. Godoro la jirani si zito likishikwa na watu wawili.